Mkutano Ulifungwa kwa Maombi

Wahenga walisema ulimi ndio unaoponza kichwa. Mimi niliponzwa na mkono. Tangu nikiwa darasa la tano kule kwetu magharibi, watu waliusifu mwandiko wangu, na nilipokuwa mwalimu sifa hizo zikageuka kazi. Harusi ikitangazwa, mwalimu aandike kadi. Matanga yakitokea, mwalimu aandike orodha ya waliokuja. Kamati ya wazazi, kamati ya kanisa, kamati ya maji, kote huko nilikuwa katibu. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi mwenyewe nina maoni gani, na nikisema ukweli, nililipenda hilo. Mwenye kalamu ana ruhusa ya kunyamaza. Nilikaa mwisho wa meza, nikaandika ya wengine.

Tulifika Kitengela miaka ya tisini, mume wangu akifanya kazi kiwandani Nairobi na mimi nikiwa nimepewa shule ya msingi ya hapo. Nyumba zilikuwa chache. Kulikuwa na maduka kando ya barabara ya Namanga, machimbo ya mawe, na upepo ambao sijawahi kuuzoea. Mvua ikinyesha, udongo mweusi ulishika viatu hadi ukajiona umebeba shamba la mtu miguuni. Tulipanga chumba kwa mama mmoja Mmaasai, mjane, aliyekuwa amejenga vyumba sita vya mabati mbele ya boma lake. Sisi wapangaji wote, Waluhya kwa Wajaluo kwa Wakamba, tulimwita Yeyo, yaani mama, kama walivyomwita wanawe. Yeye aliniita Mwalimu. Asubuhi alinisalimu "Takwenya," nami nikajibu "Iko," na hapo Kimaasai changu kilikuwa kimekaribia kuisha. Baada ya karibu miaka kumi nilijua maneno kama ishirini hivi: maji, ng'ombe, njia, mvua, asante. Naona haya kuyahesabu, lakini ndiyo hayo.

Yeyo alikuwa na ng'ombe kumi na wanne. Wanawe wawili walikuwa Nairobi wakilinda magorofa ya watu, kwa hivyo aliwachunga mwenyewe, shuka nyekundu begani na viatu vya tairi miguuni. Aliniambia kwamba zamani ng'ombe walitembea hadi walipotaka wao. Kisha ardhi ikagawanywa, kila mzee akapewa hati yake, wengi wakauza, na walionunua wakazungushia waya. Sisi wageni ndio tulioleta waya, na mimi najihesabu humo ingawa sikuwa na hata futi moja ya ardhi. Mwishowe ikabaki njia moja tu ya kufika kwenye silanga, lile bwawa la maji ya mvua lililochimbiwa mifugo miaka ya nyuma. Njia hiyo ilipita katikati ya uwanja wa umma.

Uwanja wenyewe ulikuwa nyika tupu iliyoachwa wazi ploti zilipokuwa zikikatwa. Kulikuwa na magoli mawili ya miti, moja limeinama. Jumapili watu wa mahubiri walifunga vipaza sauti, wakati wa kura wanasiasa walipanda juu ya magari, na kila asubuhi, bila kukosa, ng'ombe wa Yeyo walivuka kwenda maji kisha wakarudi. Njia yao ilionekana hata ukiwa mbali. Ilikuwa imechimbika kwa kwato, nyembamba, ikipinda mahali pamoja kukwepa jiwe. Niliiruka kila siku nikienda shule, na siku za mvua nilijaza viatu maji humo.

Nilikuwa na timu ya netiboli. Wasichana wangu walikuwa wepesi, wajeuri, wenye njaa ya kushinda, na walifanyia mazoezi kwenye kona ya uwanja huohuo palipokuwa na mteremko na mawe. Mpira ukitoka nje uliangukia kwenye miiba na kutoboka. Msimu mmoja tulimaliza mipira mitatu, na mwalimu mkuu akaniambia nisimjie tena na habari za netiboli. Kwa hivyo tuliposikia kwamba uwanja utaboreshwa, kwamba kuna mfadhili, na kwamba kutakuwa na ua, viti vya mawe, vyoo, mitaro ya maji na kiwanja cha netiboli chenye sakafu ya saruji, nilifurahi kama mtoto aliyeahidiwa viatu. Mwalimu mkuu alinionyesha mchoro. Kiwanja changu kilikuwa kamraba kadogo upande wa kulia. Nilikitazama hicho tu. Mstari mnene uliozunguka uwanja wote, ambao ndio uliokuwa ua, niliuona na sikuutazama.

Siku hizo sheria ya mazingira ilikuwa ngeni. Tuliambiwa kwamba kabla ya kazi kuanza lazima mtaalamu aje achunguze mradi utaharibu nini, na lazima wananchi watoe maoni, na maoni yaandikwe, ndipo kibali kitoke. Mtaalamu alikuja kutoka Nairobi, kijana mpole mwenye buti safi. Nimejaribu miaka mingi kumchukia na nimeshindwa. Alipima udongo, akapiga picha miti, akatazama silanga kwa mbali, akauliza kama kuna mtu mwenye mwandiko mzuri wa kuandika kumbukumbu za mkutano. Mwalimu mkuu alinitaja kabla hajamaliza swali.

"Mwalimu," mtaalamu aliniambia tulipokuwa tukisubiri watu, "andika tu kile kimesemwa. Usiongeze, usipunguze. Jina ya mtu na kile amesema. Kitu haijasemwa hatuwezi kuweka kwa ripoti."

Lilikuwa agizo la haki. Hata leo sioni mahali pa kulikosoa.

Mkutano ulifanyika uwanjani kwenyewe, chini ya hema mbili za kukodi. Mbele walikaa wageni, kamati ya uwanja na wazee. Nyuma yao vijana, wengi wakiwa wamesimama. Kando, nje ya kivuli cha hema, walikaa akina mama kwenye nyasi, na Yeyo alikuwa miongoni mwao, amevaa shanga zake za kwenda kanisani. Mwenyekiti wa kamati ya uwanja alieleza mradi. Mtaalamu alieleza vumbi, kelele, maji ya mvua na mahali pa kutupa taka. Kisha wakasema ni zamu ya wananchi.

Vijana waliuliza kuhusu kazi. "Sisi ndio tutachimba hiyo mitaro, ama mtaleta watu wenu na lori?" mmoja aliuliza, na wenzake wakampigia makofi. Mwenye duka aliuliza kama vyoo vitakuwa vya kulipa. Mhubiri aliuliza kama mahubiri yataruhusiwa. Mzee mmoja aliuliza juu ya jambo la bikoni, yaani jiwe la mpaka wa ploti yake, ambalo halikuhusiana kabisa na uwanja, akajibiwa kwa heshima, akauliza tena. Nikaandika. Mkono wangu siku hiyo ulikuwa mwepesi, herufi zimelala upande mmoja vizuri, na nakumbuka nikizifurahia.

Hakuna aliyetaja ng'ombe. Niliwatazama wazee wa mbele, nikingoja mmoja wao aseme. Wawili kati yao walikuwa shemeji zake Yeyo, ndugu wa marehemu mumewe, na mmoja wao alikuwa kwenye kamati ya uwanja. Lakini wao walikuwa wameshauza ploti zao na kuhamishia mifugo yao mbali, upande wa Kajiado. Silanga haikuwa shida yao tena. Waliobaki na ng'ombe pale mjini walikuwa Yeyo na wajane wengine wawili watatu wenye mbuzi, na hao wote walikuwa kwenye nyasi.

Nao hawangesimama. Siku hizi mambo yamebadilika, wanawake wa huko wanasimama na kusema hadi watu wanatamani wakae. Lakini wakati ule, kwa mama wa rika lake, kuinuka mbele ya shemeji zake na mbele ya wageni ili kupinga jambo ambalo wao wamelinyamazia, ingekuwa aibu ya ukoo mzima. Nilijua hivyo. Nilikuwa nimekaa bomani kwake miaka mingi vya kutosha kulijua hilo, na nilikuwa nimeiruka ile njia asubuhi hiyohiyo nikienda mkutanoni.

Nikamwinamia mtaalamu. "Na njia ya ng'ombe?" nikanong'ona. "Niandike?"

"Nani amesema?" akauliza.

"Hakuna. Najua tu."

"Basi inua mkono useme. Wewe pia ni mwananchi."

Sikuinua mkono. Nikatazama kamraba kangu kwenye mchoro uliobandikwa ubaoni. Nikajiambia katibu hachangii mjadala. Nikajiambia lazima watakuwa wamelifikiria. Mwenyekiti akauliza mara mbili, "Kuna mtu ako na pingamizi? Aseme sasa, asiende kusema kwa njia." Watu wakacheka. Nikaandika: Hakukuwa na pingamizi.

Soda na mikate vilikuwa vimeshateremshwa kwenye gari, na vijana walikuwa wamegeuza shingo. Mwenyekiti akasema, "Kabla hatujaenda kwa soda, tuombewe. Mama wa kanisa, wewe wa pale, tufungie kwa maombi."

Alikuwa akimwonyesha Yeyo.

Yeyo aliinuka taratibu. Aling'oa nyasi kidogo pale alipokuwa amekaa, akazishika mkononi kama Wamaasai wanavyofanya wakiomba amani na baraka, akaanza kuomba kwa Kimaasai. Sisi tukainamisha vichwa. Mimi nilifunga kalamu kifuniko chake, nikaiweka juu ya daftari, nikafumba macho. Ndivyo nilivyofundishwa. Maombi hayaandikwi kwenye kumbukumbu. Huandikwa kwamba mkutano ulifunguliwa kwa maombi na kwamba ulifungwa kwa maombi, na mtu angeandika maneno yenyewe angeonekana hana adabu, tena hajui kazi.

Aliomba kwa muda mrefu. Sauti yake ilipanda, ikashuka, na kila aliposhusha sauti akina mama wa kwenye nyasi waliitikia, "Enkai!" yaani Mungu. Nilisikia neno la ng'ombe. Nililisikia tena. Nilisikia maji, nilisikia njia. Karibu nusu ya Kimaasai changu ilikuwa ndani ya maombi hayo, na mimi nimeinamisha kichwa nikifikiri mama huyu anaombea mifugo yake kama kawaida yao. Nilifungua jicho moja nikaona mtaalamu akitazama saa. Mmoja wa shemeji za Yeyo alikuwa amekaza macho chini. Hatimaye tukasema amina, na vijana wakalikimbilia gari la soda.

Nilifungua kalamu, nikaandika: Hapakuwa na jambo lingine. Mkutano ulifungwa kwa maombi. Nikapiga mstari kwa rula.

Ripoti ilipokamilika, nakala moja iliwekwa katika ofisi ya serikali pale mjini ili watu waisome na walete malalamiko kabla ya siku fulani. Ilikuwa nene, ya Kiingereza. Nilipita siku moja kuitazama, nikaambiwa imefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko likizo. Sikurudi. Najua mtu hawezi kulaumiwa kwa kabati lililofungwa, lakini mtu anaweza kurudi siku ya pili.

Kazi ilianza kiangazi kilipokuwa kikikaza. Trekta lilisawazisha uwanja kwa siku chache tu, likafukia ile njia pamoja na jiwe lake. Kisha nguzo za ua zikasimamishwa pande zote, waya ukavutwa, na geti moja kubwa la chuma likawekwa upande wa barabara. Upande wetu na upande wa silanga hapakuwekwa geti. Asubuhi waya ulipofika upande wetu, nilikuwa nikitoka kwenda shule. Ng'ombe walikuwa wamesimama wamepanga midomo kwenye waya, na Yeyo amesimama nyuma yao, fimbo imelala mabegani. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na uso wa mtu anayeona fundi amekosea kipimo na anajua atarekebisha.

"Takwenya, Mwalimu."

"Iko, Yeyo."

"Wamesahau mlango ya huku."

Nikamwuliza mlango gani.

"Ile nilisema. Si siku ile ya mkutano nilisema mlango iwe mbili? Moja huku, moja kule kwa maji. Ng'ombe inapita asubuhi, inarudi, wanafunga, watoto wanacheza."

"Ulisema lini, Yeyo?" nikauliza.

"Kwa maombi," alisema, akinishangaa. Akanieleza tena, kwa Kiswahili chake cha polepole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo walilolifanya pamoja. "Nilisema, Mungu, hawa wageni wameleta kitu nzuri ya watoto, uwabariki. Lakini fungua macho yao waone njia ya ng'ombe iko hapa chini ya miguu yao. Usikubali wafunge maji. Mimi ni mjane, nikifungiwa hapa nitapitisha ng'ombe kwa lami, na lami itaniua. Waambie waache mlango mbili. Nilisema yote. Wewe si ulikuwa unaandika?"

Nilimjibu nini? Ningemwambia ukweli palepale. Ningesema, Yeyo, sikuelewa, na hata ningeelewa, maombi hatuyaandiki. Badala yake nilisema, "Nitauliza." Nikaenda shule, nikafundisha sehemu za sentensi. Nilimwuliza mwenyekiti, naye akasema mambo ya ua yalikwisha kwenye mkutano, kwa nini watu wanaleta maneno baada ya kula soda?

Kwa hivyo Yeyo alipitisha ng'ombe kando ya lami, akizunguka mbali kufika kwenye silanga. Barabara ya Namanga siku hizo ilikuwa na malori ya saruji na ya mawe, na matrela ya kwenda mpakani, yote yakienda mbio. Kila asubuhi nilisikia honi na nikasimamisha mkono ubaoni. Wiki ya tatu, lori la mawe liliwapitia. Watatu walikufa papo hapo na mmoja akachinjwa kando ya barabara kwa sababu mguu ulikuwa umening'inia. Yeyo mwenyewe alirushwa mtaroni, akateguka bega. Nilipofika, watu walikuwa wamejaa, wengine na visu na mifuko, na Yeyo amekaa chini anawaambia kwa sauti ya kawaida kwamba nyama hiyo ina mwenyewe.

Bega lilipopata nafuu alikuja mlangoni kwangu. "Twende Kajiado," alisema. "Kwa ofisi yenye ile karatasi. Huku wananiambia hakuna kitu nilisema. Lakini imeandikwa. Ukisoma mbele yao, watafungua."

Ndugu msomaji, nilikuwa na safari nzima ya kumwambia. Kitengela hadi Kajiado ni mbali vya kutosha kwa mtu kusema neno moja. Alikaa dirishani, akanionyesha mahali alipozaliwa, akanionyesha mlima aliokuwa akipelekea ndama akiwa msichana. Alikuwa na furaha, alikuwa amevaa zile shanga. Nikasema moyoni nitamwambia tukivuka mto, nitamwambia tukiona maduka ya kwanza. Nafikiri nilikuwa natumaini kwamba ofisi itakuwa imefungwa.

Haikuwa imefungwa. Ofisa wa mazingira alikuwa mtu mzima mwenye miwani, si mkorofi. Alitupa viti. Yeyo alieleza habari ya njia, maji, lori. Ofisa alisikiliza hadi mwisho, akaenda akatafuta faili, akarudi akipuliza vumbi. Akapekua. Nikaona kurasa zangu kabla hajazifikia, nikiitambua ile mistari ya rula.

"Hapa wanasema hakuna pingamizi," alisema.

"Soma pale niliomba," Yeyo akamwambia.

Ofisa akageuza ukurasa wa mwisho, akaugeuza tena nyuma. Akanitazama. "Hii ni mwandiko wako, madam?"

Nikasema ni wangu. Akanisukumia faili.

"Msomee mama."

Nilisoma. Hapakuwa na jambo lingine. Mkutano ulifungwa kwa maombi. Nilisoma polepole nikidhani huenda polepole ingeyaongeza maneno.

"Endelea," Yeyo akasema.

"Imeishia hapo, Yeyo."

Kulikuwa na feni juu ambayo haikuwa ikizunguka. Nje mtu alikuwa akiosha gari. Nilitamani Yeyo anitukane, kwa lugha yoyote ile.

"Maombi huwa hatuandiki, mama," ofisa alimweleza kwa upole. "Hiyo ni kati yako na Mungu." Kisha akauliza ni nini hasa alichotaka, na Yeyo akamwambia, milango miwili. Ofisa akavua miwani. "Hiyo tu? Hiyo ingekuwa kitu rahisi sana. Tungeandika kwa kibali waweke geti ya pili, wangeweka. Si hata pesa nyingi. Kwani mbona hamkusema?"

"Mimi nilisema," Yeyo alijibu. Akanigeukia, na alinitazama kwa muda mrefu bila chuki, kama anayetafuta kitu usoni mwangu alichokuwa amekiweka hapo. "Wewe ulikuwa hapo, Mwalimu."

Siku za kupeleka malalamiko zilikuwa zimepita. Ofisa alisema naweza kuandika barua ya maombi maalum, na kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, nikaiandika mezani pake. Niliandika kurasa tatu. Niliandika yote aliyoomba Yeyo, neno kwa neno, kwa kuwa aliyarudia nilipomwomba. Ofisa aliipiga muhuri. Niliandika nyingine baada ya miezi miwili, na nyingine tena mwaka uliofuata. Hakuna hata moja iliyojibiwa. Mwenyekiti wa uwanja, nilipomwendea mara ya pili, alisema ua umeshakabidhiwa na kukata waya ni kuharibu mali ya umma.

Sina hadithi ya ushindi hapa. Watu hupenda kuniuliza kama baadaye tulikusanyika, kama akina mama waliandamana. Hatukuandamana. Kiangazi kilikaza, silanga yenyewe ikawa tope, na Yeyo aliuza ng'ombe wawili, wakafa wengine, wawili wakapelekwa kwa shemeji upande wa Kajiado na hawakurudi. Watu wakasema ni kiangazi. Kweli kilikuwa kiangazi. Mvua iliporudi na silanga ikajaa, hakuwa na ng'ombe wa kupeleka huko.

Kiwanja cha netiboli kilijengwa. Sakafu ya saruji, milingoti ya chuma, mistari myeupe. Ukitaka kucheza unaandika barua, unasubiri, unatafuta mwenye ufunguo wa geti. Wasichana wangu walicheza humo mara mbili. Mara ya pili walishinda, na mmoja alinikimbilia akanikumbatia, nami nikalia, naye akadhani nalia kwa furaha.

Yeyo hakuwahi kunifukuza kwenye chumba chake wala kunibadilishia salamu. Hilo ndilo lililonishinda. Angekasirika, ningepata mahali pa kuomba msamaha. Nilijaribu mara moja, nikamwambia kwamba nilikuwa nimelijua lile neno la ng'ombe, kwamba nililisikia. Akasema, "Najua. Ulifungua jicho moja." Kisha akaniuliza kama watoto wamekula.

Asubuhi moja ya Jumamosi nilikwenda dukani kununua mkate. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa amesimama Yeyo, shuka amejifunga vizuri, bega lile moja limeshuka. Sikujua anakuja kununua nini. Zamu yake ilipofika alisema kwa sauti ndogo, bila kumtazama mwenye duka, "Nipe maziwa." Mwenye duka akamtolea pakiti ya baridi kutoka kwenye friji, akaiweka mezani. Yeyo aliichukua kwa mikono miwili. Akaigeuza juu chini, akaitikisa kidogo, akaibonyeza kwa kidole, watu nyuma wakingoja. Ndipo akageuka akaniona.

"Mwalimu," akaniambia, "hii inafunguliwa wapi?"